Walisema Upendo Hauvai Glavu

Siku yangu ya kwanza kazini nilikuta glavu zimeanikwa kwenye kamba nyuma ya wodi ya wazazi, zimebanwa kwa vibanio vya nguo, vidole vikining'inia chini. Nilikuwa nimetoka chuoni na gauni jeupe lililopigwa pasi mpaka linasimama lenyewe. Chuoni tulifundishwa kwamba glavu ikishatumika inatupwa. Nikauliza hizi zinangoja nini. Mkunga mmoja mrefu, aliyekuwa anazigeuza moja moja juani, akacheka.

"Zinakungoja wewe, mdogo wangu. Weka kitabu chini, uje ujifunze kufua."

Huyo ndiye Damari. Alikuwa mjane bado kijana, anaishi na mama yake mzazi nje kidogo ya Bunda, na kwenye hospitali ile ya misheni hakuna mkunga mpya aliyeanza kazi bila kupita mikononi mwake. Hospitali yenyewe siitaji jina, wala kanisa lenye hospitali. Wanaojua watajua, na wasiojua hawapungukiwi na kitu.

Nyie wasichana wa leo mnavuta glavu kutoka kwenye boksi, mnavaa, mnavua, mnatupa. Sina wivu nanyi, nafurahi. Nilicho nacho ni hasira, na nitaieleza kwa utaratibu, kama tulivyofundishwa kukabidhi zamu: mgonjwa nani, hali yake nini, kilichofanyika nini, kilichobaki nini.

Glavu ilifuliwa hivi. Unaiosha nje na ndani kwa maji ya sabuni, unaisuuza, kisha unaijaza hewa na kuisokota kwenye kifundo mpaka ivimbe kama kiwele cha ng'ombe. Unaisogeza shavuni. Ikiwa na tundu, shavu linasikia upepo. Nzima unaianika, unaipaka poda ili isigande, unaifunga kitambaani na kuipeleka kwenye otokleivu, lile sufuria zito la chuma linaloua vijidudu kwa mvuke, la kwetu likikaa juu ya mkaa. Poda ilipokwisha tulitumia wanga wa muhogo tuliochekecha wenyewe. Yenye tundu ilikuwa ya kufanyia usafi tu. Baadaye hata zenye tundu tulizalishia.

Ilikuwa ile miaka ya baada ya vita, nchi imekaukiwa. Sabuni ukiisikia iko duka la ushirika, unakuta mstari umeshazunguka jengo. Matroni wetu, mama mmoja mnene asiyecheka kabla ya saa nne, akatufundisha kupika sabuni kwa magadi na mafuta ya ng'ombe. Sabuni ile iling'arisha mashuka na kula ngozi. Mikono yetu ilipasuka kwenye viungo vya vidole na kando ya kucha, na kwa sababu tulinawa kutwa nzima, haikupata siku ya kupona. Ya Damari ndiyo ilikuwa mibaya kuliko yote, kwa sababu yeye hakumwachia mtu ndoo.

Sikiliza vizuri, maana watu hunichanganya hapa. Shida ile sikuilalamikia, na leo siilalamikii. Matroni alifua nasi. Mganga Mfawidhi, yaani daktari mkuu wa hospitali, alikula ugali wa mtama na furu, vile visamaki vya ziwani vilivyokaushwa, kama sisi, na baiskeli yake haikuwa na breki. Tulipomfuata kumwuliza kuhusu glavu, Matroni alituambia, "Kama hakuna, hakuna kwa wote. Siku ikipatikana, itapatikana kwa wote." Kwa neno hilo mtu anaweza kufanya kazi. Tulifanya.

Kisha nikahamishiwa Murangi, kwenye kituo cha afya karibu na ziwa. Wajawazito waliletwa kwa mitumbwi kutoka vijiji vya pembeni, na nilijifunza kusikiliza moyo wa mtoto kwa ile pembe ya mbao hata upepo ukivuma. Nilipafurahia mahali pale. Lakini nikiwa huko nikaona mambo yanabadilika. Magari ya barafu yakaanza kuja kununua sangara. Madukani zikarudi sabuni za kila rangi, mafuta ya kupaka, vitenge, redio. Waliokuwa wanasema hakuna, sasa walisema kipo, ni wewe tu huna. Na pamoja na magari na wafanyabiashara kukaja ule ugonjwa, ambao mwanzoni watu waliuita kila jina isipokuwa jina lake.

Niliporudishwa Bunda, hospitali ile sikuitambua. Matroni amestaafu. Mganga Mfawidhi amehamia mjini kufungua kliniki yake. Aliyekuwa na sauti sasa ni Katibu wa Hospitali, bwana mmoja nadhifu wa suti ya kijivu, mhubiri mzuri, nakiri, sauti yake ingeweza kumtoa nyoka shimoni. Nyuma ya ofisi yake palikuwa na stoo mpya yenye kufuli, na ndani ya stoo mlikuwa na maboksi ya glavu yamepangwa mpaka darini. Yalitoka kwa marafiki wa kanisa ng'ambo. Niliyaona kwa macho yangu siku mlango ulipofunguliwa kuwapokea madaktari wageni waliokuja kupasua wagonjwa kwa muda mfupi na kupiga picha nyingi. Maboksi yale yalikuwa yao. Wageni walipoondoka, kufuli likarudi.

Nyuma ya wodi ya wazazi, kamba ilikuwa na glavu zilezile.

Damari hakuwa mtu wa kugombana, lakini alikwenda kwa Katibu kuomba. Wakati huo tulishapewa semina. Tulijua ule ugonjwa unapita kwenye damu. Katibu hakumpa jibu ofisini. Alilitoa kesho yake kwenye sala ya asubuhi, mbele ya wafanyakazi wote, Biblia mkononi.

"Wapo miongoni mwetu wanaoogopa kuwagusa wagonjwa," alisema. "Wanataka kwanza wafunikwe mikono. Bwana wetu aliwagusa wenye ukoma. Je, alivaa nini? Ndugu zangu, upendo hauvai glavu."

Watu wakaitikia amina. Mimi mdomo wangu ulikataa. Nilimtazama Damari, alikuwa ameinamisha kichwa, na mikono yake iliyopasuka ameificha ndani ya kitenge kama aliyekamatwa nayo. Mpaka leo nikikumbuka mikono ile imefichwa, damu inanichemka. Mtu wa kuona haya siku ile alikuwa amesimama mimbarini.

Sasa nafika kwenye mgonjwa mwenyewe. Ilikuwa mchana, siku ya gulio, wodi imejaa. Mama mmoja aliletwa na mkokoteni wa ng'ombe, amejifungulia nyumbani tangu asubuhi, mtoto amefungwa kwenye khanga na analia vizuri. Tatizo lilikuwa kondo la nyuma. Lilikuwa limegoma kutoka, na damu ilikuwa inamtoka kama maji ya bomba. Nyie wakunga mnajua. Wasio wakunga niwaambie tu kwamba kondo likigoma na damu ikamiminika, mkunga hana budi kuingiza mkono mpaka ndani kabisa ya kizazi na kulibandua kwa vidole. Mama anaweza kufa huku mnatafuta mkasi.

Glavu tulizokuwa nazo zilikuwa ndani ya otokleivu, mvuke ndio kwanza unapanda. Nikamtuma mhudumu akimbilie stoo. Akarudi anahema. Katibu amekwenda kikaoni Musoma, na ufunguo amekwenda nao.

Damari alikuwa ananawa.

"Dada, mikono yako," nikamwambia.

"Naiona."

"Ngoja basi zile zipoe."

"Na huyu naye anangoja?" alinijibu. "Shika dripu, mdogo wangu. Ibane hiyo chupa."

Nilibana chupa. Aliingiza mkono mpaka karibu na kiwiko, macho ameyaelekeza dirishani kama afanyavyo mkunga anayeona kwa vidole, midomo inacheza. Nadhani alikuwa anaomba, au anahesabu vipande. Kondo likatoka lote. Akakikanda kizazi mpaka kikakaza, damu ikapungua, ikakoma. Yule mama akafumbua macho akaomba maji. Damari alikwenda kunawa, na alikaa kwenye sinki muda mrefu sana. Aliporudi alisema tu, "Mtoto apewe nyonyo."

Kuna watu husema tulikuwa hatujui hatari. Waongo. Damari alijua, nami nilijua, na aliyeondoka na ufunguo alijua.

Miaka ikapita. Mume wa yule mama, mchuuzi wa samaki aliyekuwa anazunguka na magari ya barafu, akaugua kwa muda mrefu, akafa. Kwao walisema ni malaria. Yule mama akaja kwetu na homa zisizoisha. Damu yake ikapelekwa kupimwa, majibu yakarudi vile tulivyoogopa. Na baada ya muda Damari akatokewa na mkanda wa jeshi, yale malengelenge yanayochoma upande mmoja wa mwili. Alijipima mwenyewe, akaniita nyuma ya wodi, akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa. Nililia mimi. Yeye alinipa kitambaa.

Kuhusu maneno ya mtaani sitasema mengi. Alikuwa mjane asiyeolewa tena, na kwa watu wetu hiyo inatosha. Sokoni walisema amekanyaga miwaya, yaani ameupata ule ugonjwa kwa wanaume. Maneno yale yakafika kwa wazee wa kanisa, nao wakamwita.

Niwaeleze desturi. Katika kanisa letu, mtu akionekana ametenda dhambi ya wazi anaitwa mbele ya baraza la wazee. Akikiri, anapewa muda wa toba. Akikataa, anatengwa. Aliyetengwa anakaa benchi la nyuma, na siku ya Meza ya Bwana mkate unampita. Akitubu, anasimama mbele ya washarika, mchungaji anashuka na kumpa mkono wa kuume, na hapo amerudi. Akifa kabla ya kurudi, kengele haipigwi, mchungaji haji, na kwaya haiimbi. Kwa mtu wa kwetu, kuzikwa hivyo ni kuzikwa kama mbwa.

Damari aliniomba nimsindikize, kwa kuwa miguu ilikuwa imeanza kulegea. Nilikaa pembeni. Mzee Kiongozi, mkulima wa pamba mwenye ng'ombe wengi, ndiye aliyeuliza.

"Binti yetu, tumesikia unaumwa. Ni kweli ni ugonjwa ule?"

"Ni kweli, baba."

"Basi kiri uzinzi wako, mambo yaishe."

"Sijazini, baba."

"Sasa umeupata wapi?"

Damari akanyamaza.

"Tunakuuliza kwa upendo," alisema Mzee Kiongozi. "Ugonjwa huo haujagi wenyewe. Sema ni nani."

Nikafumbua mdomo kumwambia ni kazini. Damari akanishika goti, akanibana. Nilielewa. Nikisema kazini, watauliza mgonjwa gani, na mji wetu ni mdogo. Wote walikumbuka ule mkokoteni na ile damu iliyodondoka njia nzima. Nikasema nilichoweza, kwamba wakunga hushika damu za watu wengi, na kwamba Katibu aulizwe glavu ziko wapi. Katibu alikuwemo, maana naye alikuwa mzee wa kanisa. Akajibu kwa upole kwamba huu ulikuwa mkutano wa roho na si wa vifaa.

"Kunyamaza kwake ni kukiri bila toba," akahitimisha Mzee Kiongozi. Wakamtenga.

Hata angekuwa amezini! Hata kama, ningewauliza wale wazee, ni wapi mlikosoma kwamba mtu anayekufa anyimwe mkate? Lakini hakuzini, na waliomtenga walikuwa na mtu miongoni mwao mwenye ufunguo mfukoni.

Jumapili ya Meza ya Bwana tulikaa naye benchi la nyuma, mimi kwa hiari. Yule mama wa mkokoteni alikuwa msharika wa kanisa hilohilo. Nilimwona akipokea mkate. Siku iliyofuata alikuja nyumbani kwa Damari, akapiga magoti mlangoni.

"Nesi, nitaenda kwa wazee. Nitasema ni mimi."

"Inuka, mama. Utasema nini?"

"Ukweli. Wewe wamekutoa, mimi ndo ninakulaga meza ya Bwana. Nitakulaje?"

"Ule tu," Damari alimwambia. "Ukisema, wakwe zako watasema ni wewe uliyemuua mtoto wao. Watakutoa kwenye mji, watachukua shamba. Watoto utawapeleka wapi?"

"Na wewe je?"

"Mimi wamenikataza mkate wa kanisani. Wewe watakukataza ugali. Nenda nyumbani, ukapalilie muhogo wako."

Yule mama alikwenda. Nilimgeukia Damari nikiwa na hasira hata juu yake. Nilimwambia hana wajibu huo, kwamba angalau jina lake angelitetea. Alijibu kwamba siri ya mgonjwa si mali ya nesi. Hayo tulifundishwa wote chuoni, kila mmoja kwa wakati wake, na kujibu mtihani wake tulijibu. Sijaona mwingine aliyelipa bei yake yote.

Nilikwenda kwa Katibu mwenyewe, nikamwambia afungue stoo. Aliniambia napandisha sauti. Nikaipandisha zaidi, mpaka wagonjwa wakasogea dirishani. Kabla mwezi haujaisha nilitakiwa kutafuta kazi kwingine, na nikaipata serikalini, kwenye zahanati huko Buswahili. Sikujuta. Wanawake wa Buswahili walinilipa kwa michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na kwa heshima, na mfuko wa kwanza wa glavu niliopewa niliuning'iniza ukutani, asiye na ufunguo aufikie.

Damari alifariki nikiwa huko. Kengele haikupigwa. Tulimzika wakunga, na yule mama, na mama yake mzazi aliyekuwa haoni vizuri na akawa anauliza mbona kwaya inachelewa. Tukaimba sisi, vibaya. Yule mama wa mkokoteni aliishi mpaka wanawe walipoweza kulima wenyewe, na shamba ni lao hadi sasa.

Nimestaafu siku nyingi. Nipo Kiriba kwa ndugu zangu, nafuga kuku, nasumbuliwa na magoti. Wasichana wakunga hunijia kuuliza habari za zamani, na wengi wanataka niwaambie kwamba zamani tulikuwa na upendo kuliko wao. Siwaambii hivyo. Nawaambia wadai vifaa kwanza, kwa kelele, na atakayewahubiria upendo badala ya kuwapa vifaa wamwombe ufunguo. Alichokitoa Damari kwa hiari yake ni ile siri. Hiyo aliitoa, ilikuwa yake kuitoa, na kwa hiyo namheshimu kuliko mtu yeyote niliyefanya naye kazi. Uhai wake hakuutoa. Waliuchukua, kisha wakaubatiza jina zuri.

Mwaka jana hospitali ile ilifanya sherehe. Walinipelekea gari. Uongozi ni mpya, vijana wenye adabu, na katika wodi ya wazazi wametundika picha kubwa ya Damari, chini yake maneno kwamba alimwiga Bwana wake. Msemaji mmoja akasema, akitokwa machozi, kwamba dada huyu alivaa upendo badala ya glavu. Watu wakapiga makofi. Nikamwuliza mchungaji kijana aliyekaa karibu nami adhabu ya Damari kanisani iliondolewa lini. Hakujua kwamba kulikuwa na adhabu. Akawauliza wazee. Mmoja akakumbuka. Hakuna aliyewahi kuiondoa.

Yaani picha ukutani wamempa, na mezani bado hayumo.

Kesho yake ilikuwa Jumapili, nikakataa kurudishwa Kiriba. Mchungaji alipofika mahali pa kuwaita wanaorudi kundini, wakasimama vijana wawili na mimi. Nilitembea kwa fimbo yangu mpaka mbele. Akawapokea vijana, kisha akanitazama amechanganyikiwa.

"Bibi, wewe hukutengwa."

"Sikutengwa. Nimesimama mahali pa Damari."

Mchungaji alikuwa kijana mwema, macho yakamlowa, akaninyooshea mkono wa kuume kama desturi inavyotaka. Nikauacha palepale hewani.

"Mwanangu," nikamwambia, na nilihakikisha benchi la nyuma linasikia, "Damari hakutoka, kwa hiyo hana pa kurudi. Ninyi ndio mliotoka. Njoo usimame huku upande wangu, uwaangalie washarika wako, uombe kupokelewa. Nami nitakupa mkono kwa niaba yake."

Alisita kidogo. Kisha akavuka, akasimama pale wanaposimama wenye dhambi, na akaomba. Nikampa mkono. Kwenye viti vya wazee wa kanisa aliinuka mmoja tu kumfuata. Wengine walibaki wamekaa.